Safari ya Kiwayu: Pangeni Pesa Kabla ya Kupanda Boti

Chama chenu hapa Komarock kimechanga mwaka mzima, na mmechoka na Mombasa ya kila Desemba. Mmoja wenu ametuma picha ya Kiwayu kwa grupu: mchanga mrefu, maji ya buluu, hakuna mtu. Wote mmesema twendeni. Sawa kabisa. Lakini ufuo usio na watu pia hauna mawakala wengi, na hapo ndipo tunataka tuongee kidogo.

Kufika huko

Kiwayu ni kisiwa chembamba kupita Manda na Pate, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga iliyotengwa mwaka wa 1979. Mnachukua basi mpaka Mokowe ama ndege mpaka Manda, kisha boti mpaka mji wa Lamu, halafu boti tena. Jahazi la tanga linaweza kula siku nzima. Mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, una kina kifupi, kwa hivyo nahodha husubiri maji yajae. Msimu wa kusi, katikati ya mwaka, bahari huchafuka. Mnaweza kukwama siku moja zaidi. Siku hiyo mtakula na kulipa na nini?

Kwa nini salio la simu halitoshi

Wakala ana pesa za aina mbili: noti mkononi na floti kwa simu. Mkitoa pesa, noti zake zinapungua na floti inaongezeka. Wageni kumi wakitoa siku moja, noti zinaisha, hata kama salio lako liko sawa. Wakala wa Komarock atatembea tu mpaka benki. Wa kisiwani atangoja boti ya Lamu. Na mtandao ukipotea, hata kutuma haiwezekani.

Fanyeni hivi

1. *Ulizeni usalama kwanza.* Kiwayu iko karibu na mpaka wa Somalia. Hakikisheni hali ni shwari kabla ya kumlipa mtu yeyote.

2. *Lipieni boti kwa awamu.* Tumeni sehemu tu, ingine mlipe mkifika. Jina likitokea kwa simu, lisome vizuri. Kama si la nahodha mliyeongea naye, usitume. Mpigie kwanza.

3. *Ukikosea namba, omba kurejeshewa papo hapo.* Usingoje jioni. Aliyepokea akishatoa hizo pesa, kuzirudisha inakuwa kazi ngumu.

4. *Toeni noti mkiwa Lamu mjini.* Pigeni hesabu ya chakula, malazi na salio la boti, muongeze siku moja ya dharura. Toeni kwa pamoja, maana kila kutoa kuna ada yake. Ombeni noti za mia na mia mbili, kwa sababu chenji ni shida kisiwani.

5. *Gawanyeni.* Noti zote zisikae kwa mweka hazina peke yake. Boti inaweza kurusha maji na begi likalowa. Salio pia liwe kwa simu mbili, kila mtu na PIN yake. PIN haiwi ya chama.

Na nauli ya basi kutoka Mokowe mpaka Nairobi iwekeni kando tangu siku ya kwanza. Hiyo msiiguse, hata samaki wa Kiwayu akiwa mtamu namna gani.