Kichwa Kikimgonga Ghafla

Leo nazungumza nawe unayemuuguza nyumbani mtu aliyeumia uti wa mgongo, hasa shingoni au juu kifuani. Akikuambia kichwa kinamgonga ghafla na jasho linamtoka usoni, usikimbilie dawa ya malaria. Presha imepanda, na inaweza kupasua mshipa wa ubongo.

Usimlaze! Mketishe wima, miguu ining'inie, ulegeze mshipi na nguo. Kisha tazama mpira wa mkojo. Je, umekunjika? Ameukalia? Mfuko umejaa? Mara nyingi chanzo ni hicho: kibofu kimejaa, yeye hahisi, lakini mwili unalalamika. Kama mpira hauna shida, huenda ni choo kilichokwama, kidonda, hata ukucha ulioingia nyamani.

Asipopata nafuu mara moja, mkimbize hospitali akiwa ameketi. Ukifika, usingoje kuulizwa, maana hata sisi wauguzi si wote tulioizoea hali hii. Sema ameumia uti wa mgongo, na presha yake ya kila siku ni ya chini, pengine 90 au 100 ile namba ya juu. Kwa mtu kama huyo, 150 ni hatari.