Harufu ndani ya ndege: kwa nini marubani hawasubiri kujua chanzo

Ndege inapobadili safari na kutua katika kiwanja kisichotarajiwa kwa sababu ya harufu ya kitu kinachoungua, mafundi wakaikagua na kukuta tanuri chafu la kupashia chakula, abiria wengi hulalamika kwamba wamepotezewa muda bure. Wataalamu wa usalama wa anga hawalioni jambo hilo hivyo. Msimamo wao una mizizi katika ajali iliyotokea katika pwani ya Kanada mwaka 1998.

Usiku wa Septemba 2 mwaka huo, ndege aina ya MD-11 ya Swissair, lililokuwa shirika la ndege la Uswisi, iliondoka New York kuelekea Geneva ikiwa na watu 229. Dakika 52 baadaye, ikiwa katika kimo cha futi 33,000, rubani na msaidizi wake walinusa harufu wasiyoielewa. Walimwita mhudumu, naye akakiri kwamba aliinusa ndani ya chumba chao, lakini hakuwa ameinusa huko alikokuwa akihudumia abiria. Moshi kidogo ulionekana, ukatoweka, kisha ukarejea.

Marubani waliamini kwamba tatizo lilikuwa katika mtambo wa kupooza hewa. Halikuwa wazo la kipuuzi, kwani mitambo hiyo hutoa harufu mara kwa mara, na harufu hizo kwa kawaida hazina madhara makubwa. Hata hivyo, takriban dakika nne tangu waliponusa harufu, walitoa kwa waongozaji wa ndege tangazo la "Pan Pan", ambalo ni la haraka lakini liko ngazi moja chini ya lile la dharura kamili. Waliomba kurudi Boston. Mwongozaji akawaeleza kwamba Halifax ilikuwa karibu zaidi, umbali wa kilomita 120 hivi, nao wakakubali.

Ndege ilikuwa juu mno kuweza kutua moja kwa moja, tena ilikuwa nzito kwa mafuta ya kuvukia Atlantiki. Ikageuzwa kuelekea baharini ili ishuke na kumwaga mafuta, huku marubani wakifuata orodha ya hatua za kutafuta chanzo cha moshi. Dakika kumi baada ya tangazo la kwanza, mtambo wa kujiendesha ulizimika na marubani wakatangaza dharura. Mifumo mingine ilifuata, kimoja baada ya kingine. Ndege ilianguka baharini karibu na kijiji cha Peggy's Cove, dakika 21 hivi tangu harufu ya kwanza. Hakuna aliyenusurika.

Bodi ya Usalama wa Usafiri ya Kanada ilichunguza kwa zaidi ya miaka minne na kuopoa takriban asilimia 98 ya uzito wa ndege hiyo. Ripoti yake ya mwaka 2003 ilieleza kwamba cheche za nyaya za umeme juu ya dari, sehemu ambayo hakuna jicho linaloifikia, ziliwasha matandiko ya kuzuia joto na kelele. Matandiko hayo yalikuwa yamefunikwa kwa utando mwembamba wa plastiki ambao ulikuwa umepita vipimo vya wakati huo, lakini ukiwaka ulisambaza moto upesi. Miongoni mwa nyaya zilizokutwa na alama za cheche zilikuwamo za mfumo wa burudani za abiria.

Jambo moja katika ripoti hiyo huwashangaza wengi. Bodi ilikokotoa kwamba hata kama marubani wangeelekea Halifax mara tu waliponusa harufu, wasingeweza kutua salama kabla ya moto kuwashinda. Kwa hiyo lawama kwamba walichelewa kwa kumwaga mafuta, ambayo ilivuma sana baada ya ajali, haina nguvu inayodhaniwa. Lakini marubani hawakuwa na njia ya kulijua hilo, na rubani mwingine yeyote aliye angani hawezi kujua kama amebakiwa na dakika kumi au saa nzima.

Ugumu wenyewe uko katika kutambua harufu. Katika ndege nyingi, hewa ya abiria huchotwa kwenye injini, hivyo mafuta ya kulainisha yakivuja huleta harufu inayofananishwa na soksi chafu. Simu yenye betri mbovu, waya unaoungua na chakula kilichosahaulika jikoni, vyote hunuka, na hewa inayozungushwa ndani ya ndege huibeba harufu mbali na ilikotoka. Pua pekee haitoshi kutofautisha.

Ndiyo sababu marubani hufundishwa kuvaa kwanza vifuniko vyao, vinavyowapa oksijeni tupu, kisha kupanga kutua huku wakiendelea kutafuta chanzo. Wahudumu hukagua vyoo na jiko, hupapasa kuta na dari kwa mgongo wa mkono wakitafuta joto, na kutoa taarifa mbele kwa maneno mahususi: harufu ya namna gani, iko safu ipi, inazidi au inapungua. Vifuniko vya abiria haviangushwi kwa sababu ya moshi, kwani huchanganya oksijeni na hewa hiyohiyo iliyomo ndani, na oksijeni huchochea moto.

Mfumo ule wa burudani ulizimwa katika ndege za Swissair mwezi uliofuata ajali. Mwaka 2000 Marekani iliamuru matandiko ya aina ile yaondolewe katika mamia ya ndege, na mwongozo wake wa mwaka 2004 kuhusu moto angani uliwataka wahudumu na marubani kuuchukulia moshi au harufu isiyoeleweka kuwa ni moto hadi ithibitike vinginevyo.