Chozi wa Sagana na Ukoo Wake

Mwanafunzi wa Sagana akimwona chozi wa rangi ya shaba akifyonza maua ya mgomba, kitabu kitamwambia kwamba jina lake la kisayansi ni Nectarinia kilimensis. Akiwa mdadisi atauliza: ndege wa Mlima Kenya amepataje jina la Kilimanjaro? Ni kwamba vielelezo alivyotumia Shelley, Mwingereza aliyempa jina, vilitoka huko, katika msafara wa Harry Johnston wa mwaka 1884. Kanuni hulinda jina lililotangulia, hata hili lililokatwa nusu na kuvikwa mkia wa Kilatini.

Uainishaji ni mgumu zaidi. Mwaka 1766 Linnaeus alimweka chozi mmoja wa Rasi ya Tumaini Jema katika jenasi ya Certhia, pamoja na ndege wa Ulaya watambaao kwenye magome ya miti. Nadhani mdomo uliopinda ulimtosha. Australia nako wako wala-asali, jamii ya Meliphagidae, wenye midomo na ndimi za kufyonzea kama chozi, wala si ndugu zake wa karibu. Kazi ya kufuata maua ndiyo iliyowafananisha.

Sisi wanaisimu twaijua hadaa hiyo. Katika Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa Australia, mbwa huitwa "dog", kama kwa Kiingereza, bila udugu wala ukopaji.

Basi sielewi mwalimu wa biolojia anayelionea haya neno "chozi". Linawakusanya ndege hawa pamoja, tena bila kumchanganya yeyote na mtambaa-magome wa Ulaya.