DEREVA WA TEKSI YA MTANDAO NA AFYA YAKE

Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya kazi ambayo siku hizi inalisha familia nyingi za mijini, nayo ni udereva wa teksi za mtandao. Hizi ni gari, bajaji na pikipiki ambazo abiria huziita kwa simu ya mkononi. Kwa Dar es Salaam zilianza kufahamika mwaka 2016, na leo karibu kila mtaa una baba au kijana anayeishi kwa kazi hiyo.

Ili tusiseme mambo tusiyoyajua, tulikwenda kukaa na madereva kijiweni kwao, maeneo ya Mwenge, saa za mchana ambapo abiria huwa wachache. Tuliwauliza maswali mawili tu: Kazi hii inakufurahisha nini? Na inakuumiza nini?

Furaha zake

Wengi walijibu kwamba furaha ya kwanza ni kutokuwa na bosi wa kukusimamia mlangoni. Mtoto akiugua, unazima simu na kumpeleka zahanati bila kumwomba mtu ruhusa. Furaha ya pili ni watu. Kwa siku moja unaweza kumbeba mwanafunzi, mfanyabiashara wa Kariakoo na bibi anayetoka kliniki, na kila mmoja ana hadithi yake.

Dereva mmoja wa makamo, baba wa watoto wanne, alitusimulia jinsi alivyoitwa Tabata usiku wa manane kumchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa. Alimfikisha hospitali salama. Wiki mbili baadaye mume wa yule mama alimpigia simu kumshukuru na kumjulisha kuwa mtoto ni wa kike. “Siku ile sikukumbuka hata hela niliyolipwa,” alituambia.

Machungu yake

Machungu nayo hayakukosekana. Abiria anaita gari, dereva anapita kwenye foleni dakika ishirini, na akikaribia safari inafutwa. Mwingine anasema “nakuja sasa hivi,” kumbe ndiyo kwanza anaingia kuoga. Mwingine ramani inamwonyesha mtaa huu naye amesimama mtaa wa pili, kisha anakasirika na kumpa dereva nyota moja. Wapo pia wanaolipa kwa simu na baada ya kushuka wanaomba muamala urudishwe.

Lakini chungu kubwa ni hesabu. Wengi hawamiliki gari. Kila wiki humpelekea mwenye gari fedha waliyokubaliana, au wako kwenye mkataba wa kulilipia gari mpaka liwe lao. Juu ya hayo kuna mafuta au foleni ya gesi, bando la simu, na kamisheni ya kampuni. Suala hili la kamisheni liliwahi kuleta mvutano mkubwa. Mwaka 2022 mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, iliweka kikomo cha kamisheni kuwa asilimia 15, na kampuni moja kubwa ikasimamisha huduma. Baadaye kikomo kilipandishwa hadi asilimia 25. Dereva yeye alibaki katikati, na hesabu ya mwenye gari haikusubiri.

Tulipowauliza hupumzika saa ngapi, walicheka. Yule baba wa watoto wanne alisema hutoka nyumbani saa 11 alfajiri na kurudi saa 5 usiku. Hizo ni saa 18. Halafu akatuambia jambo ambalo mkewe alikuwa hajaambiwa. Wiki iliyotangulia, akirudi Mbezi kwa Barabara ya Morogoro, alishtuliwa na honi ya lori. Alikuwa amelala akiwa kwenye usukani.

Mwili unavyoumia

Tuanze na usingizi. Uchunguzi wa wataalamu umeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo wepesi wake wa kutenda hupungua sawa na wa mtu aliyekunywa pombe kiasi. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, kusinzia kwa sekunde tatu tu ni kwenda mita 50 bila dereva. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu huusogeza usingizi mbele kidogo, lakini haviuondoi.

Pili ni mgongo na miguu. Kukaa muda mrefu hubana maungio ya mgongo na kuifanya damu itembee polepole miguuni, hata ikaweza kuganda. Tatu ni mkojo. Madereva wengi hawanywi maji kwa sababu hawana mahali pa kujisaidia. Kukosa maji huongeza hatari ya vijiwe vya figo, na kubana mkojo mara kwa mara huchangia maambukizo ya njia ya mkojo.

Nne ni shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha. Chipsi zenye chumvi nyingi, mawazo, kukosa usingizi na kukaa bila kutembea vyote huusukuma mwili huko. Mmoja wetu ni muuguzi na alikuwa na kipimo. Yule baba alipopimwa alikutwa na 170 kwa 110, wakati kuanzia 140 kwa 90 tayari ni juu. Alikuwa hasikii maumivu yoyote. Ndivyo presha ilivyo. Tulimweleza kwamba kipimo kimoja hakitoshi, lakini asikawie kwenda hospitali kupimwa tena.

Nini kifanyike

Kwa dereva: lala angalau saa saba kwa siku. Kila baada ya saa mbili simama, shuka, tembea na kujinyoosha dakika kumi na tano. Usingizi ukikubana, egesha mahali salama, ulale kidogo. Kiti kisogeze mpaka magoti yakunjike kidogo na mgongo uegemee vizuri, na pochi usiikalie kwenye mfuko wa nyuma. Beba chupa ya maji na chakula cha nyumbani. Vituo vingi vya mafuta vina vyoo. Vijue vilivyo njiani mwako. Pima presha hata kama husikii kuumwa.

Kwa familia: baba akirudi, tusimpokee kwa kumuuliza amepata ngapi. Akilala mchana, watoto wafundishwe kucheza mbali na dirisha lake. Naye asifiche yanayompata barabarani.

Kwa sisi abiria: tuite gari tukiwa tayari, na tusimhimize dereva akimbize gari kwa sababu tumechelewa wenyewe.

Yule baba alikwenda hospitali siku ya tatu, akapimwa tena, na sasa anatumia dawa kila siku. Alimweleza mkewe habari ya lori. Mama yule hakulalamika, ila alimsindikiza kwa mwenye gari wakazungumze. Mwenye gari alikubali kumpunguzia hesabu ya siku moja kwa wiki ili apumzike. Fedha ya nyumbani imepungua kidogo, na mama ameanza kuuza vitumbua kuziba pengo. Lakini ikifika saa 3 usiku simu ya kazi inazimwa, na watoto wanne wanakula chakula cha jioni na baba yao.

Kinga ni bora kuliko tiba. Tukutane mwezi ujao.