Hamira isiyoumua mkate, ila hunogesha mchuzi

WENGI wanaijua hamira kwa kazi moja tu: kuumua unga wa mandazi, mahamri na mikate. Lakini ipo nyingine isiyoumua chochote. Hiyo ni hamira ya lishe, vipande vyepesi vya rangi ya manjano vinavyonyunyizwa juu ya chakula, na ambayo wasiokula nyama Ulaya na Marekani wameipenda kwa miaka mingi.

Zote mbili hutokana na kuvu mmoja, Saccharomyces cerevisiae. Tofauti huanzia kiwandani. Hamira ya lishe hukuzwa kwa molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa kwenye miwa. Ikizaana vya kutosha huoshwa, huuliwa kwa joto, kisha hukaushwa. Kwa kuwa imekufa, anayeitia kwenye unga wa mandazi atasubiri bure.

Mabaki yaleta pesa

Biashara ya kula hamira si ngeni. Mwaka 1902 kampuni ya Marmite ilianzishwa Burton upon Trent, Uingereza, mji wa viwanda vya bia, ikageuza mashapo ya bia kuwa kitu cha kupaka mkate. Mwaka 1931, Dkt Lucy Wills alionyesha kwamba dondoo la hamira liliwasaidia wanawake wajawazito wa Bombay, India, waliokuwa na upungufu wa damu. Siri yake baadaye ilijulikana kuwa foleti, vitamini ya kundi B.

Hata hivyo, kutegemea mabaki ya mwenzako kuna hatari. Mwaka 2020, corona ilipofunga baa na bia kupungua, Marmite ilikosa hamira ya kutosha, ikasimamisha kwa muda chupa za baadhi ya ukubwa.

Namna ya kupika

Ladha yake hukaribia jibini. Kijiko kimoja au viwili vyatosha kwenye bisi za moto, maharagwe, viazi vya kuponda au supu. Kwa mchuzi mzito wa tambi, loweka kikombe kimoja cha korosho, kisha usage pamoja na vijiko vitatu vya hamira hiyo, kitunguu saumu, ndimu, chumvi na maji. Pasha kwa moto mdogo. Kwenye vyakula vingine itie mwishoni, kwani moto mwingi huharibu baadhi ya vitamini.

Ihifadhi kwenye chombo kilichofungwa vizuri, gizani, kwa sababu mwanga huharibu vitamini B2 na unyevu huifanya igande.

Tahadhari

Hamira yenyewe haina vitamini B12. Viwanda ndivyo huiongeza, na si vyote. Asiyekula nyama, mayai wala maziwa asome kibandiko kabla ya kulipa, kwani upungufu wa B12 huharibu damu na neva. Mwenye ugonjwa wa jongo naye amwone daktari kwanza.