Namna ya Kuwasha Mitambo ya Kutunza Kumbukumbu
Na Mwanafunzi wa Zamani

Mhariri ameniomba niwaeleze wanafunzi wa sasa kazi ninayoifanya tangu nilipoondoka shuleni. Kazi yangu ni kutunza mitambo ya kompyuta katika ofisi moja kubwa mjini. Nimeona ni afadhali nichague jambo moja na kulieleza vizuri kuliko kutaja mengi juu juu. Jambo hilo ni namna ya kuwasha mitambo inayotunza kumbukumbu za ofisi, yaani majina, hesabu, mishahara na barua, baada ya umeme kukatika. Pengine mtu atasema, "Kuwasha mtambo ni kubonyeza swichi tu." Sivyo. Swichi ni nyingi, na kila moja ina zamu yake.

Kwanza yafaa mwujue mtambo wenyewe. Kumbukumbu nyingi huandikwa juu ya diski, ambazo ndani yake mna sahani za duara zinazozunguka upesi. Mtambo wa kwanza wa diski ulitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ulikuwa na sahani 50, kila moja yapata sentimeta 60 kwa upana, nazo zilizunguka mara 1,200 kwa dakika. Mtambo huo mzito uliweza kuhifadhi herufi milioni 5 tu. Siku hizi diski moja unayoweza kuishika kwa mkono mmoja yaweza kuhifadhi herufi trilioni 20, na sahani zake huzunguka mara 7,200 kwa dakika.

Katika ofisi kubwa diski moja haitoshi. Diski hupangwa 12 au 24 katika sanduku moja la chuma, na masanduku hayo huwekwa moja juu ya jingine ndani ya kabati. Ili mwelewe jinsi vyombo hivi vinavyotegemeana, fikirini masjala ya ofisi ya serikali. Masanduku ya diski ni makabati ya mafaili. Kidhibiti, yaani mtambo unaoziongoza diski, ni karani wa masjala ajuaye kila faili liko wapi. Swichi za mtandao ni matarishi wanaopeleka mafaili huku na huku. Seva, yaani kompyuta kubwa zinazofanya kazi za ofisi, ni maofisa wanaoagiza mafaili hayo.

Sasa tazameni kinachotokea mambo yakienda kinyume. Kidhibiti kinapoamka, kazi yake ya kwanza ni kuhesabu diski zake. Ikiwa masanduku hayajawashwa, ni kama karani aliyefika na kukuta makabati yamefungwa: huandika ya kwamba mafaili hayapo. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, nao ni Patterson, Gibson na Katz, walieleza namna ya kupanga diski nyingi pamoja hata mojawapo ikifa kumbukumbu zisipotee. Mpango huo ndio tunaoutumia hadi leo. Lakini huvumilia kufa kwa diski moja, pengine mbili. Hauvumilii diski 24 kutoonekana kwa mara moja. Hapo kidhibiti hukataa kufungua hazina yake. Seva nazo, zikiamka kabla ya kidhibiti kuwa tayari, huagiza mafaili, hungoja kidogo, kisha huacha kazi na kuandika kosa.

Kwa hiyo utaratibu wetu ni huu. Umeme unapokatika, na betri za akiba zikaribiapo kwisha, twazima kila kitu kwa zamu, ili umeme ukirudi ghafula mitambo isiamke yote pamoja. Umeme ukirudi, twangoja kidogo kuona kama umetulia. Kisha twawasha viyoyozi, maana mitambo hii hutoa joto jingi. Halafu twawasha betri za akiba, na baada yake swichi za mtandao, ambazo huchukua dakika kadhaa kuwa tayari. Ndipo twawasha masanduku ya diski, moja baada ya jingine. Diski hula umeme mwingi zaidi inapoanza kuzunguka kuliko inapokwisha kushika mwendo. Zikianza mamia kwa pamoja, fyuzi yaweza kukatika. Taa zote zikitulia katika rangi ya kijani, twawasha kidhibiti na kukingoja kimalize kuhesabu. Mwisho kabisa twawasha seva, na hata hizo kwa zamu: kwanza zinazotambulisha watumiaji na kutoa saa, kisha zinazotunza hesabu, na baadaye zile ambazo makarani huzitumia.

Wakati wa kuzima, utaratibu hugeuzwa. Seva hutangulia, kisha kidhibiti, na masanduku ya diski huja nyuma yake. Sababu yake ni kubwa. Kidhibiti hupokea maandishi mapya na kuyashika kwanza katika kumbukumbu yake ya muda kabla ya kuyaandika juu ya diski. Ukikiagiza kizime kwa amri yake, humaliza kuandika. Ukikikatia umeme tu, maandishi hayo hubaki yakilindwa na betri ndogo iliyomo ndani, na katika mitambo mingine betri hiyo hudumu siku chache tu. Ikiisha, maandishi yamepotea.

Nimewahi kuona hatari ya kutofuata zamu. Katika ofisi moja ambayo sitaitaja, umeme uliporudi mtu alibonyeza swichi zote kwa pamoja. Kidhibiti kiliamka kabla ya diski, kikasema hakina kumbukumbu. Watu wakataharuki, kwa kuwa mishahara ya mwezi ilikuwa humo. Mmoja akataka kukiagiza kidhibiti kipange diski upya, tangu mwanzo. Laiti angaliachiwa, amri hiyo ndiyo ingalifuta kila kitu, kwa maana mpaka dakika ile hapakupotea hata herufi moja. Fundi wa zamu alimzuia, akazima vyote, akaviwasha kwa taratibu. Baada ya nusu saa mishahara ikaonekana. Tangu siku hiyo nimeshika neno hili: mtambo usemao "sioni" haukusema "kimepotea".

Wanafunzi wenzangu, mitambo hutofautiana, na kitabu cha mtengenezaji ndicho cha kufuatwa kwanza. Mingine ina kidhibiti na diski katika sanduku moja, na mingine hutumia diski zisizozunguka. Lakini kanuni haibadiliki: kinachotegemewa huwashwa kwanza na huzimwa mwisho. Anayeijua kanuni hiyo aweza kuutambua mpango hata wa chumba asichokizoea.

Nawashauri pia wanaotunza chumba cha kompyuta cha shule yetu waandike zamu hiyo kwenye karatasi na kuibandika karibu na swichi. Ajuaye kazi huenda akawa likizoni siku ya giza, na atakayeshika nafasi yake ahitaji kuiona kwa macho yake.