Mtoto wa siku mbili na bakteria wasiosikia dawa

Hebu fikiria hii. Mtoto amezaliwa juzi, hajawahi kumeza hata tembe moja. Lakini bakteria walioingia kwenye damu yake tayari wanajua kukwepa dawa ambazo daktari anazo kabatini.

Hali hii huitwa sepsisi, na kwa mtoto mchanga mambo huharibika kwa saa chache tu. Dalili zenyewe ni rahisi kukupita: anakataa kunyonya, analegea, anapumua mbio, mwili unakuwa moto ama baridi kuliko kawaida. Ukiona hivyo usingoje kukuche. Hospitali, sai sai.

Kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani (WHO) limeshauri matibabu yaanze na ampisilini ama penisilini, pamoja na jentamisini. Ni dawa za bei nafuu. Shida ni kwamba bakteria wengi washazizoea.

Kati ya 2018 na 2020, watafiti walifuatilia zaidi ya watoto 3,200 walioshukiwa kuwa na sepsisi katika hospitali 19 za nchi 11, Kenya na Uganda zikiwemo. Karibu watoto 11 kati ya kila 100 walifariki. Bakteria aliyeonekana zaidi kwenye damu ni Klebsiella, anayependa sana kujificha hospitalini. Na madaktari walikuwa wakitumia zaidi ya michanganyiko 200 tofauti ya dawa. Si uzembe. Kila mmoja alikuwa anapigana na silaha aliyokuwa nayo.

Sasa utauliza, si watengenezwe dawa mpya? Si rahisi hivyo. Dawa nyingi hujaribiwa kwa watu wazima kwanza, na huwezi tu kukata dozi ya mtu mzima vipande umpe mtoto. Figo na ini lake bado havijakomaa.

Ndiyo maana macho yako kwa jaribio linaloitwa NeoSep1, lililoanzia Kenya na Afrika Kusini. Linapima dawa tatu, yaani fosfomisini, flomoksefu na amikasini, zikiunganishwa mbilimbili, kisha linazilinganisha na zile zinazotumika sasa. Cha kushangaza, hizi si dawa mpya. Fosfomisini ilitangazwa 1969 baada ya kupatikana kwenye udongo wa Uhispania! Upya uko kwenye kuziunganisha na kujua dozi sahihi ya mtoto. Na hapo Kilifi ilitangulia: watoto wachanga 120 walishiriki utafiti uliosaidia kupata kipimo cha fosfomisini.

Wewe unaingia wapi? Kila ukienda kwa kemisti kununua antibiotiki ya mafua, ama ukiacha dozi katikati kwa sababu umepata nafuu, unawapa bakteria nafasi ya kujifunza. Mafua ni virusi, antibiotiki haiyagusi. Na bakteria waliojifunza hawakai kwako peke yako, wanasambaa.

Ukienda wodi kumwona mtoto wa dadako, osha mikono kwanza, na usimbusu. Ukiwa na homa, tuma pesa ya nepi kwa simu ubaki nyumbani. Dawa ikithibitishwa leo, itachoka kesho kama sisi hatutabadilika.